Reli Ikilala, Njia Yake Hubaki ya Nani? Somo Kutoka Voi Hadi Taveta

Anayesafiri kwa matatu kutoka Voi kwenda Taveta huwa na reli ubavuni karibu safari nzima, ingawa wengi hawaioni. Mara inajitokeza kando ya barabara, mara inapotelea vichakani, na pengine imefunikwa na udongo kiasi kwamba ng'ombe huvuka juu yake bila kujikwaa. Vijana wengi wa Mwatate na Bura hawajawahi kusikia honi ya garimoshi kwenye njia hii. Hata hivyo, kila zinapotokea habari kwamba reli hiyo huenda ikafufuliwa, maswali huwa ni yale yale katika kila soko: kibanda changu kiko hatua ngapi kutoka kwenye chuma? Shamba nililonunua limeigusa? Nikiambiwa nitoke, nitalipwa?

Hili si tangazo la mradi. Ni somo kuhusu jambo ambalo mkazi anapaswa kulielewa kabla mradi wowote haujafika mlangoni: ardhi ya reli isiyotumika ni ya nani, kaunti inaweza kuipata kwa njia gani kwa ajili ya usafiri au njia za miguu na baiskeli, na nani huumia ikiwa hatua zitarukwa.

Reli ya vita

Njia ya Voi hadi Taveta haikujengwa kwa ajili ya abiria wala mkonge. Ilijengwa kwa ajili ya vita. Mwaka 1915, Uingereza ikipigana na Wajerumani waliokuwa wakitawala Tanganyika, jeshi lilianza kutandika reli kutoka Voi kuelekea mpakani, likitumia wahandisi wa kijeshi kutoka India. Katikati ya mwaka huo reli ilikuwa imefika Maktau. Adui aliijua thamani yake. Vikosi vya Wajerumani vilipenya nyikani usiku na kutega mabomu chini ya vyuma. Baada ya mapigano ya Salaita mwezi Februari 1916 na ya Latema na Reata mwezi Machi, reli iliendelea kupitia Taveta na hatimaye ikaungana na ile ya Tanga na Moshi pale Kahe.

Hivyo tangu mwanzo njia hii ni ya nchi mbili. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, shirika la pamoja la reli lilikufa nayo na mpaka wa Tanzania ukafungwa hadi mwaka 1983. Reli ambayo faida yake kubwa ilikuwa kuvuka mpaka ilibaki na upande mmoja. Malori yalichukua mizigo na mabasi yakachukua watu. Barabara ya lami ilipofika hadi Taveta, hoja ya kupanda garimoshi la mwendo wa kobe ilibaki kwa wachache.

Kilichobaki si chuma tu. Kuna ukanda wa ardhi wenye urefu wa zaidi ya kilomita 100, uliopimwa, uliosawazishwa, wenye madaraja na makalvati, unaounganisha Voi, Mwatate, Bura, Maktau, Mbuyuni na Taveta bila kukatika. Hicho ndicho chenye thamani kubwa kuliko mataruma yanayoibwa na kuuzwa kama vyuma chakavu, kosa ambalo Sheria ya Vyuma Chakavu ya 2015 ilikusudia kulikomesha.

Kwa nini ukanda mzima ni muhimu? Garimoshi haliwezi mlima mkali. Mhandisi wa reli hulazimika kutafuta mteremko mdogo sana, akizunguka vilima badala ya kuvipanda, akikata tuta hapa na kujaza bonde pale. Kazi hiyo ikishafanywa, mtu yeyote anayechukia mlima hufaidika: mwendesha baiskeli mwenye gunia la mkaa, mama mwenye mtoto mgongoni, mtu wa kiti cha magurudumu. Kujenga njia kama hiyo upya leo, kwa kununua kipande kwa kipande kutoka kwa mamia ya wenye mashamba, kungegharimu mara nyingi zaidi, na pengine kusingewezekana kabisa. Anayekata ukanda mahali pamoja tu, kwa jengo moja la ghorofa, ameuharibu wote kwa upande wa usafiri wa mbali.

Sheria ya Kenya inasemaje

Wengi hudhani kwamba kwa kuwa reli iko ndani ya kaunti, kaunti inaweza kuamua la kufanya. Haiwezi, angalau si peke yake. Jedwali la Nne la Katiba limeweka reli katika kazi za Serikali ya Kitaifa. Kaunti imepewa barabara za kaunti, taa za barabarani, maegesho, usafiri wa umma wa barabarani, mipango ya maendeleo, utalii wa ndani, bustani na maeneo ya burudani. Kwa maneno mengine, kaunti ina mamlaka ya kujenga njia ya baiskeli, lakini haina mamlaka juu ya ardhi ambayo njia hiyo ingepita.

Ardhi yenyewe, ile iliyotengwa kisheria kwa ajili ya reli, ni ardhi ya umma kwa mujibu wa Ibara ya 62 ya Katiba, na Shirika la Reli la Kenya ndilo linaloishika na kuitumia. Kwa hiyo neno "kununua" halielezi vizuri kinachoweza kutokea hapa. Serikali moja hainunui shamba la serikali nyingine kama watu wawili wanavyouziana ploti. Zipo njia tatu ambazo kaunti yoyote inaweza kuzifuata.

Ya kwanza ni makubaliano ya matumizi: shirika linabaki na ardhi, kaunti inapewa mkataba wa kukodi au kibali cha kuitumia kwa muda na kwa masharti. Hii ndiyo rahisi, na ndiyo dhaifu zaidi, kwa sababu kibali huweza kuondolewa. Ya pili ni makubaliano kati ya ngazi mbili za serikali chini ya Ibara ya 187, ambapo kazi fulani huhamishwa kwenda pale itakapotekelezwa vizuri zaidi. Kisichojulikana na wengi ni kwamba hata kazi ikihamishwa, wajibu wa kikatiba hubaki kwa serikali iliyopewa kazi hiyo na Jedwali la Nne. Na pesa za kuifanya lazima zifuate kazi, la sivyo kaunti imebebeshwa gunia bila punda.

Njia ya tatu inahusu vipande ambavyo kwa sasa viko mikononi mwa watu binafsi kihalali, tuseme pale ambapo njia mpya ingehitaji kuchepuka kutoka kwenye ukanda wa zamani. Hapo ndipo utwaaji wa lazima chini ya Sheria ya Ardhi ya 2012 unapoingia. Kaunti haitwai, huomba. Tume ya Kitaifa ya Ardhi ndiyo huchapisha ilani katika Gazeti Rasmi la Serikali, na uchunguzi wa hadharani hauwezi kufanyika kabla ya siku 30 kupita tangu ilani hiyo. Katika uchunguzi huo kila mwenye dai huleta hati, mashahidi na hesabu zake. Fidia, kwa maneno ya Katiba, lazima iwe ya haki na ilipwe bila kuchelewa. Mtu asiyehudhuria uchunguzi kwa kudhani kwamba jina lake tayari liko kwenye orodha hujinyima nafasi ya kusema mali yake ina thamani gani.

Marekani na akiba ya njia

Nchi nyingine zimelipitia jambo hili kabla yetu. Marekani ilikuwa na mtandao wa reli wa zaidi ya kilomita 400,000 mnamo mwaka 1916, na tangu hapo ilipoteza karibu nusu yake kwa ushindani wa magari. Kule sehemu kubwa ya reli ilipita kwenye mashamba ya watu kwa haki ya kupita tu. Kampuni ilipoacha kutumia njia, haki hiyo ilikufa, na kipande kikarudi kwa mwenye shamba. Njia ya kilomita 80 ilivunjika mara moja ikawa vipande mia.

Mwaka 1983 Bunge la nchi hiyo lilirekebisha sheria yake ya njia za matembezi na kuleta wazo ambalo tunaweza kuliita akiba ya njia. Badala ya reli kuhesabiwa kuwa imeachwa, serikali ya mtaa au shirika linaweza kuuchukua ukanda wote, likaufanya njia ya miguu na baiskeli, likabeba gharama na dhima zake, kwa sharti moja: siku reli ikihitajika tena, njia irudishwe. Ukanda umelala tu, haujafa.

Wenye mashamba walikwenda mahakamani. Mwaka 1990 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi iliyotoka jimbo la Vermont, ilisema sheria ile ni halali, lakini mwenye shamba aliyepoteza haki yake anaweza kuidai serikali fidia. Kisha mwaka 2014, katika kesi ya Wyoming, mahakama hiyo hiyo ikampa ushindi mwenye ardhi: reli ilikuwa na haki ya kupita tu, iliiacha, na haki ile ikaisha. Mamlaka za mitaa zilijifunza kwa gharama kwamba kabla ya kumwaga kokoto, lazima mtu asome kila hati ya kila kipande ajue reli ilikuwa mwenye ardhi au mpita njia.

Kwetu hali ni tofauti kidogo. Hatari kubwa hapa haikuwa mashamba kurudi kwa wenyewe, bali ardhi ya umma kugawiwa watu kinyume cha sheria. Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya mwaka 2004 ilieleza jinsi ardhi za mashirika ya serikali, likiwemo la reli, zilivyoishia mikononi mwa watu binafsi. Mahakama zimezidi kuwa kali. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya, katika kesi ya ploti ya ufuo wa Nyali, Mombasa, iliamua kwamba mnunuzi hawezi kujificha nyuma ya hatimiliki ikiwa ardhi ilikuwa ya umma na ilitolewa bila kufuata utaratibu. Kuwa na karatasi yenye muhuri hakutoshi. Historia ya karatasi hiyo lazima iwe safi kuanzia mwanzo.

Santa Cruz: pesa zina kamba

Mfano ulio karibu zaidi na hali ya kaunti uko California. Mwezi Oktoba 2012, tume ya usafiri ya Kaunti ya Santa Cruz ilinunua kutoka kwa kampuni ya Union Pacific tawi la reli lenye urefu wa takriban kilomita 51, linalopita kando ya pwani, kwa dola milioni 14.2. Ukilinganisha na bei ya ardhi ya ufuo wa California, hiyo ilikuwa kama kuokota.

Lakini sehemu kubwa ya pesa ilitoka kwenye mkopo wa jimbo ulioidhinishwa na wapiga kura mwaka 1990 kwa ajili ya reli za abiria. Pesa zilikuja na kamba. Kaunti haikuweza tu kung'oa vyuma na kujenga njia ya baiskeli. Ilikuwa imefungwa na masharti ya huduma ya garimoshi. Wakazi wakagawanyika. Kundi moja lilitaka vyuma ving'olewe ili njia iwe pana na ipatikane upesi. Jingine lilitaka garimoshi na njia ya miguu vikae bega kwa bega, likisema wafanyakazi wa Watsonville wanaokwama katika msongamano kila asubuhi hawawezi kufika kazini kwa baiskeli. Mwezi Juni 2022 suala lilifika kwenye kura, na karibu watu watatu kati ya wanne wakakataa pendekezo la kuelekeza ukanda kwenye njia ya matembezi kwanza.

Zaidi ya miaka kumi baada ya ununuzi, vipande vya njia vimefunguliwa kimoja kimoja, madaraja ya zamani yanadai mamilioni ya matengenezo, na huduma ya kila siku ya abiria haijaanza. Kuna wanaoona hayo kuwa ni kushindwa. Hukumu hiyo ni ya haraka mno: ukanda bado uko mzima, na bado uko mikononi mwa umma. Anayetaka kulaumu aangalie masharti ya fedha, ambayo wakazi wengi waliyajua baada ya mkataba kutiwa sahihi, si kabla.

New Zealand ilichagua upande wa pili. Reli ya Otago ya Kati ilifungwa mwaka 1990, vyuma vikang'olewa, na mwaka 1993 idara ya uhifadhi ya serikali ikachukua ukanda. Njia ya baiskeli na miguu ya kilomita 152, kati ya Middlemarch na Clyde, ilikamilika mwaka 2000. Mwanzoni wapo wakulima walioipinga wakiogopa wageni, mbwa na mageti yaliyoachwa wazi. Eneo hilo ni kavu, lenye watu wachache na miji midogo iliyokuwa ikififia. Leo wageni hulala katika miji hiyo, hula huko na kukodi baiskeli huko, na baadhi ya mashamba yamegeuza vyumba vyao kuwa malazi.

Mtu wa Maktau akisoma hayo anaweza kujiona. Ana Salaita, ana makaburi ya askari wa vita vile vya dunia, ana Kilimanjaro ikijitokeza alfajiri. Ila Otago hakuna ndovu. Kati ya Maktau na Mbuyuni reli hupita katika eneo la Tsavo Magharibi, na hakuna mpanga mipango mwenye akili atakayempeleka mwendesha baiskeli huko peke yake saa kumi na mbili jioni. Sehemu hiyo ingehitaji Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, na pengine jibu lake lingekuwa garimoshi tu. Karibu na miji ya Voi, Mwatate na Taveta hali ni nyingine: hapo wanafunzi hutembea kandokando ya barabara kuu huku malori ya masafa marefu yakiwapita kwa kasi, na njia tambarare iliyo mbali na lami ingeokoa maisha hata bila mtalii mmoja.

Wanaoishi na kuuza kwenye ukanda

Nairobi imeonyesha sura mbili za jambo hili. Kibera na Mukuru, ambako maelfu ya watu walikuwa wakiishi na kuuza hatua chache kutoka kwenye reli inayotumika, Shirika la Reli, kwa ufadhili wa Benki ya Dunia, liliorodhesha walioathirika, likapunguza upana wa eneo lililotakiwa kuachwa wazi ili watu wachache zaidi waguswe, na kuwajengea nyumba na vibanda. Ilichukua miaka mingi na malalamiko hayakukosekana. Kwa upande mwingine, njia ya kwenda Nanyuki ilipofufuliwa mwaka 2020, wafanyabiashara kadhaa katika miji iliyo njiani walibomolewa vibanda walivyokuwa wamevizoea kama mali yao.

Sheria hapa ina makali pande zote mbili. Ardhi ya umma haigeuki kuwa ya mtu kwa sababu amekaa juu yake miaka 12. Kanuni hiyo ya ukaaji wa muda mrefu haifanyi kazi dhidi ya serikali. Wakati huo huo, Sheria ya Ardhi, baada ya marekebisho ya 2016, inakataza kumwondoa mtu kwa kushtukiza. Lazima ilani itolewe angalau miezi mitatu kabla, katika Gazeti Rasmi, katika gazeti linalosomwa nchini kote, na kwa redio katika lugha inayoeleweka mahali hapo. Aidha, mwaka 2021 Mahakama ya Juu, katika kesi ya wakazi waliofukuzwa karibu na Uwanja wa Ndege wa Wilson, ilisema kwamba watu wasio na makao mengine waliokaa kwa muda mrefu kwenye ardhi ya umma wana haki ya makazi inayopaswa kulindwa, hata kama hawana hatimiliki. Haki hiyo haiwapi ardhi. Inawapa sauti, na inailazimu serikali kufikiria watakwenda wapi.

Kwa mwenye ploti iliyopakana na reli, hatua ya kwanza haihitaji wakili. Ofisi ya usajili wa ardhi hutoa matokeo ya utafutaji rasmi kwa kila namba ya ploti, na ramani za upimaji huonyesha mpaka wa hifadhi ya reli. Upana wa hifadhi hutofautiana, hasa penye stesheni, kwa hiyo kupima kwa hatua kutoka kwenye chuma hakuthibitishi lolote. Anayenunua ploti Mwatate au Taveta karibu na stesheni ya zamani afanye hivyo kabla ya kulipa amana, na mpimaji aliyesajiliwa aonyeshe vigingi ardhini.

Kwa mwenye kibanda, kinachosaidia ni kumbukumbu: leseni za biashara za kila mwaka, risiti za ushuru wa kaunti, picha, majina ya walioanza naye. Risiti hizo hazithibitishi umiliki wa ardhi, na karani anayemwambia mtu vinginevyo anampotosha. Zinathibitisha kwamba alikuwepo na alikuwa akifanya biashara, jambo ambalo huulizwa kwanza orodha ya walioathirika inapoandikwa.

Na kwa anayetaka ukanda huu utumike, uwe wa garimoshi, baiskeli au vyote viwili, lipo dirisha kila mwaka. Mpango wa maendeleo wa mwaka huwasilishwa katika Bunge la Kaunti kufikia Septemba 1, taarifa ya mkakati wa fedha kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Kabla ya kila moja kuna vikao vya kusikiliza maoni ya umma katika wadi. Maoni ya maandishi hupokelewa pia, na yanayotaja mahali kamili, kwa mfano kivuko fulani cha Bura au kipande kati ya shule mbili za Mwatate, ni rahisi kuingizwa kwenye mpango kuliko ombi la jumla la "tukumbukwe".